Kutoka Nyasura Hadi Chumba cha Usaili

Mwanafunzi wa chuo anayerudi likizo Nyasura, mjini Bunda, huyakuta aliyoyaacha: mazungumzo ya bei ya pamba na mizani ya chama cha ushirika (AMCOS), dagaa wa Ziwa Victoria wanaopimwa kwa sado, bodaboda zikisubiri abiria. Huyapita tu. Kisha anakaa kuandika barua ya kuomba fildi katika kampuni ya ushauri elekezi, na anakosa la kusema.

Mshauri elekezi huitwa na kampuni, benki au taasisi ya serikali yenye tatizo, akalichambua kwa takwimu na kupendekeza la kufanya. Kampuni za Deloitte, PwC, EY na KPMG zina ofisi Dar es Salaam, na hutoa ushauri huo sambamba na ukaguzi wa hesabu na masuala ya kodi. McKinsey, kampuni nyingine ya ushauri iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, ina ofisi Nairobi.

Ili kuingia huko, alama nzuri zinahitajika, lakini wenye alama nzuri ni wengi. Wengi pia huandika kwamba wanajituma na wanapenda kushirikiana na wenzao. Msomaji wa maombi hana namna ya kuwatofautisha.

Sasa tumchukulie binti ambaye mama yake anauza dagaa sokoni. Kwa wiki nane za likizo anaandika kwenye daftari bei ambayo mama alinunulia dagaa, idadi ya sado zilizouzwa na kiasi kilichoharibika. Anagundua kwamba hasara haitoki kwenye bei, inatoka kwa dagaa walionyeshewa mvua wakiwa wameanikwa mchangani. Anapiga hesabu: gharama ya chanja na turubai ingerudi baada ya muda gani? Mistari miwili ya habari hiyo kwenye wasifu wake inaonyesha kazi yenyewe ya ushauri: tatizo, takwimu, pendekezo.

Kwenye usaili nako mwombaji hukutana na maswali yasiyo na jibu la kukariri. Kwa mfano: Watanzania hutumia miche mingapi ya sabuni kwa mwezi? Anayeshtuka hutaja namba yoyote. Aliyejiandaa huanza na anachokijua: sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kaya moja ina wastani wa watu 4.3, hivyo kaya ni kama milioni 14. Akikadiria miche miwili kwa kaya, anapata milioni 28. Kisha anajihoji mwenyewe kwa sauti: je, wanaotumia sabuni ya unga? Je, hoteli na shule? Msaili anafuatilia njia ya fikra zaidi ya jumla ya mwisho, kwa hiyo kunyamaza huku unapiga hesabu kichwani kunamnyima anachokitafuta.

Mazoezi ya namna hii hayahitaji ada. Wanafunzi wawili wanaweza kukaa jioni, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, dakika 20 kila mmoja, kisha wakabadilishana. Barua nayo itumwe miezi kadhaa kabla ya likizo ndefu, na itaje idara inayoombwa na sababu yake. Barua moja iliyonakiliwa kwa kampuni kumi hujulikana upesi, hasa jina la kampuni nyingine likisahaulika ndani yake.

Kwa wahitimu, TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, huratibu mafunzo ya uzoefu kazini.

Na kwa aliyeko Nyasura likizo hii, soko la Bunda liko wazi. Aanze na bei ya sado moja, aandike na tarehe.