Je, Wajua? Gemu za Kale Ndani ya Mashine Mpya

Je, wajua kwamba Pong, gemu ya Atari ya mwaka 1972, haina hata mstari mmoja wa programu? Ndani ya kabati lake hamna prosesa. Mna chipu ndogo ndogo zilizounganishwa kwenye bodi, na mpira unaouona ukirukaruka kwenye kioo ni umeme tu unaopita humo kwa mpangilio. Kwa hiyo hakuna faili la kunakili. Anayetaka Pong ileile kwenye kompyuta ya leo lazima aige bodi nzima, chipu kwa chipu. Ipo programu iitwayo DICE inayofanya hivyo, na kazi hiyo huitoa jasho hata kompyuta ya kisasa.

Programu za aina hiyo huitwa emuleta: programu zinazojifanya mashine nyingine. Gemu ya zamani iliandikwa kwa amri ambazo prosesa ya simu yako haizielewi. Emuleta huzisoma amri hizo na kutenda kile ambacho mashine ya zamani ingetenda. Picha, sauti, padi, vyote huigwa, na vyote lazima viende kwa saa moja.

Je, wajua Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40 tu? Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye WhatsApp huenda ikaizidi ukubwa. Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983, ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79 na kilobaiti 2 za memori ya kufanyia kazi. Ndiyo maana katika Mario wingu na kichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Hapakuwa na nafasi ya kuchora mara mbili.

Basi kama vitu vyenyewe ni vidogo hivyo, ugumu uko wapi? Uko kwenye kasoro za mashine. Kwa miaka mingi, waliocheza Speedy Gonzales: Los Gatos Bandidos ya Super Nintendo kwa emuleta walikwama karibu na mwisho. Ukigusa swichi fulani, gemu inaganda. Sababu yake inashangaza: mahali hapo gemu husoma anwani ya memori isiyounganishwa na kitu chochote. Katika mashine halisi, nyaya hubaki na mabaki ya thamani ya mwisho iliyopita, na mabaki hayo yakibadilika kwa wakati wake ndiyo humwokoa mchezaji. Waandishi wa gemu walikosea, mashine ikalificha kosa lao, na emuleta ambayo haikuiga hata mabaki ya nyaya ikalifichua.

Aliyelishughulikia tatizo hilo kwa ukaidi alijulikana kwa jina la byuu, mwandishi wa emuleta ya bsnes. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwa nini kuiga Super Nintendo kikamilifu, mashine ya megahezi 3.58, kulihitaji kompyuta ya takriban gigahezi 3. Mfano wake mwingine ni Air Strike Patrol. Ndege ya mchezaji ina kivuli chini yake, nacho huchorwa kwa kubadilisha mwanga katikati ya mstari mmoja wa picha. Emuleta inayochora mstari mzima kwa mkupuo hukipoteza kivuli, na bila kivuli mchezaji anabahatisha pa kulenga. Wapo waliomwona byuu kuwa anapoteza muda kwa jambo dogo. Mimi nasimama upande wake: kinachohifadhiwa nusu kwa sababu ni kidogo, baadaye hakuna atakayejua nusu nyingine ilikuwaje.

Je, wajua kuna gemu zilizotengenezwa zikiwa na siku ya kufa? Mwaka 1993 kampuni ya Capcom ilileta bodi ya CPS-2 kwa ajili ya mashine za kutumbukiza sarafu. Programu yake ilifungwa kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa msimbo huo uliwekwa kwenye memori inayotegemea betri. Betri ikiisha, ufunguo umepotea. Bodi nzima ya Street Fighter inaonyesha kioo cha rangi moja na basi. Wakusanyaji waliipa jina la betri ya kujiua. Mwaka 2007 Andreas Naive na Nicola Salmoria waliuvunja msimbo huo, na mwaka 2016 Eduardo Cruz na wenzake wakatangaza njia ya kuurudisha ufunguo kwenye bodi iliyokufa bila kuikata wala kuibadilisha. Ni kazi ya watu wanaoipenda. Nalisema hili kwa heshima kubwa.

Huyo Salmoria, Mwitaliano, ndiye aliyeanzisha MAME, emuleta ya mashine za sarafu, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 5 Februari 1997. Lengo lililoandikwa la mradi huo ni kuhifadhi kumbukumbu ya jinsi mashine zilivyofanya kazi. Kuweza kucheza gemu wanakuhesabu kuwa uthibitisho kwamba kumbukumbu hiyo ni sahihi.

Na bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata? Haifanyi kazi kwenye TV bapa. Ukivuta kifyatulio, kioo hugeuka cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali pa bata panatokea mraba mweupe. Jicho la bunduki hutazama kama limeona mwanga. TV ya chogo huonyesha mwanga papo hapo. TV bapa huichakata picha kwanza na kuchelewa, na wakati mwanga unapofika bunduki imeshaamua kwamba umekosa.

Ipo pia njia isiyo ya emuleta: programu ya ScummVM, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Ludvig Strigeus wa Sweden pamoja na Vincent Hamm. Yenyewe haiigi mashine: huandika upya injini ya gemu, ili hadithi za zamani za kampuni kama LucasArts zicheze hata kwenye simu. 

Je, wajua gemu ziliwahi kurushwa kwa setilaiti? Kuanzia Aprili 1995 hadi Juni 2000, wenye Super Nintendo nchini Japani waliweza kuunganisha kifaa cha Satellaview na kupokea gemu kama wapokeavyo matangazo ya redio. Gemu iliingia kwenye kaseti ndogo ya memori, na ukitaka nyingine, mara nyingi ulilazimika kuifuta ya kwanza. Leo wahifadhi hununua kaseti hizo zilizotumika bila kujua zina nini, wakitumaini kwamba mwenyewe hakufuta. Baya zaidi, baadhi ya gemu hizo, zikiwemo za Zelda, zilichezwa saa maalumu huku waigizaji wakisema kupitia matangazo ya moja kwa moja. Sauti hizo hazikuingia kwenye kaseti kabisa. Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna mtu nyumbani kwake alikuwa akirekodi.

Uholanzi ilitangulia: mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipindi cha redio cha Hobbyscoop kilirusha programu za kompyuta kwa milio, na wasikilizaji wakainasa kwenye kanda za kawaida.

Sasa sheria. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu iliyocheza diski za PlayStation kwenye kompyuta za Apple. Sony ikashtaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba kuichunguza mashine ili kutengeneza emuleta kunaruhusiwa. Mwaka uliofuata Sony ikainunua programu ile na kuifungia. Kwa hiyo emuleta yenyewe si haramu. Kusambaza nakala za gemu zenye mwenyewe ni kesi nyingine.

Lakini utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena na wenye haki zake. Hata mwenye fedha mkononi hana pa kuzinunua mpya. Maktaba za Marekani ziliomba ruhusa ya kuwaachia watafiti wacheze gemu zilizohifadhiwa wakiwa mbali, na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ikakataa. Mtafiti lazima apande ndege aende kwenye jengo lenye mashine. Uamuzi huo naona haukuwatendea haki wanaohifadhi, na haukumwongezea mwenye gemu hata senti.

Wakati huohuo Nintendo yenyewe hutumia emuleta. Kile kimashine kidogo cha NES Classic cha mwaka 2016, chenye gemu 30, ndani yake kina Linux na emuleta iliyoandikwa na tawi lake la Paris.

Je, wajua kijana anayecheza PES, gemu ya mpira, kwenye simu yake ya Android pale Kariakoo au Eastleigh mara nyingi anatumia emuleta? Programu yenyewe ni PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012 na Henrik Rydgård, mmoja wa waliofanya kazi kwenye Dolphin, emuleta ya GameCube. Huzigeuza amri za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, kuwa amri za simu huku gemu ikiendelea, na haihitaji programu asilia ya Sony. Sony ilishaacha kuisafirisha PSP mwaka 2014, na PES 2014 ilikuwa miongoni mwa gemu zake za mwisho za mpira. Ila mashabiki bado hubadilisha jezi na majina ya wachezaji kila msimu, na gemu iliyokufa dukani inaendelea kuchezwa. Kwenye iPhone PPSSPP iliingia rasmi Mei 2024, mwezi mmoja baada ya Apple kulegeza masharti yake kuhusu emuleta.

La mwisho ni la vitendo, kwa mwenye kaseti za zamani za Game Boy. Nyingi zina betri ndogo bapa inayotunza mahali ulipofikia, na za miaka ya 1990 zinaisha sasa. Usikimbilie kuing'oa: ukiitoa, kilichohifadhiwa kinafutika hapohapo. Kwanza tafuta kisomeo cha kaseti cha kuunganisha na kompyuta kwa USB, nakili yaliyomo, halafu mpe fundi abandue betri ya zamani na kuchomea mpya. Ukishamaliza, rudisha nakala yako kwenye kaseti kwa kisomeo hichohicho.