Unamjua Argwings Kodhek?

MSOMAJI, ikiwa unaishi Kilimani, Kawangware au mtaa wowote wa magharibi mwa Nairobi, huenda hulitaja jina hili kila siku. Barabara ya Argwings Kodhek hupita karibu na Nairobi Hospital, ikakatiza Hurlingham hadi Yaya Centre. Lakini mwanao akikuuliza ndani ya matatu, "Baba, huyu Argwings Kodhek alikuwa nani?" utamjibuje?

Mwambie alikuwa wakili, tena anayetajwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gem, Nyanza, akasoma Makerere, kisha akavuka bahari kwenda Uingereza. Huko alihitimu sheria, akaoa mke Mzungu, na akarudi nyumbani mwaka wa 1952.

Akataa ubaguzi

Serikali ya kikoloni ilimpa kazi, lakini kwa mshahara wa chini kuliko wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Akakataa, akafungua ofisi yake mwenyewe jijini.

Ulikuwa wakati mgumu. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kuwakandamiza Mau Mau. Sheria zikawa kali ajabu. Mtu akikutwa na risasi moja tu mfukoni, angeweza kuhukumiwa kifo. Kufikia mwisho wa vita hivyo, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Fikiria basi mkulima asiyejua Kiingereza, amesimama kizimbani mbele ya jaji Mzungu. Kodhek alikuwa miongoni mwa mawakili wachache waliothubutu kusimama upande wake. Alijua fika kwamba kumtetea mshukiwa wa Mau Mau kulikuwa ni kujitia machoni mwa serikali. Tena wengi wa wateja wake hawakuwa watu wa kabila lake. Yeye alikuwa Mjaluo. Wao walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Kura zisizopigwa

Serikali iliporuhusu vyama vya wilaya mwaka wa 1955, Kodhek alianzisha Nairobi District African Congress. Machi 1957, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Kodhek akagombea kiti cha Nairobi dhidi ya kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 26. Mboya akashinda.

Lakini hapa pana jambo la kutafakari. Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Watu ambao Kodhek alipigania shingo zao ndio hasa waliofungiwa nje ya vituo vya kura. Wema wake mahakamani haukuweza kuhesabiwa sandukuni.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1963 watu wa Gem walimchagua kuwa Mbunge wao kwa tikiti ya KANU. Akaingia serikalini, akapanda hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Kifo barabarani

Januari 29, 1969, alifariki katika barabara iliyoitwa wakati huo Hurlingham Road. Serikali ilisema ilikuwa ajali ya gari. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na manung'uniko yangalipo. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, wapiga kura wa Gem waliikataa KANU, wakamchagua Wasonga Sijeyo wa chama cha upinzani cha KPU.

Julai 5 mwaka huo huo, Mboya naye aliuawa kwa risasi katikati ya jiji, kwenye barabara inayoitwa leo Moi Avenue. Wapinzani wa 1957 wakafa mwaka mmoja, na kila mmoja akapewa barabara: mmoja mjini, mwingine huko Hurlingham alikofia.

Kwa hiyo, mzazi, makanga akiita "Hurlingham! Yaya!" na mkapata kiti, mwonyeshe mwanao kibao cha barabara. Mwambie kwamba wakati sheria ilipofanywa kuwa kitanzi, kulikuwa na Mkenya aliyeitumia kuwa ngao ya wanyonge. Nawe mwanafunzi unayeota kuwa wakili, jiulize: utamtetea nani siku ambayo kumtetea kutakugharimu?