Mseto na Hesabu ya Kura (Sehemu ya Tatu): Saa ya Kuketi Mezani

Juzi jioni, kwenye steji ya bodaboda hapa mtaani West Indies, Eldoret, kijana mmoja aliniuliza swali lililovuruga mpango wangu wa wiki hii. Nilikuwa nimewaahidi wasomaji makala kuhusu orodha za uteuzi, zile zinazowaingiza watu bungeni bila kupigiwa kura. Zitasubiri. Kijana alikuwa amesoma sehemu ya pili, nilipougusa uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2010. "Mwalimu," akasema, "hao Waingereza walikosa mshindi, wakakaa siku tano hawajui nani atawatawala, na hakuna duka lililofungwa. Sisi tulikuwa na mshindi, akatangazwa na kuapishwa jioni hiyo hiyo, na Eldoret ikawaka moto. Ni nini hiyo?"

Wenzake walinitazama wakitarajia niseme kwamba Mzungu ana ustaarabu. Hilo ni jibu la uvivu, na yeyote aliyesoma historia ya Ireland Kaskazini hawezi kulitoa bila aibu. Mimi huanza kwa kutazama kile kilichokuwa kikigombewa, na kama kinaweza kukatwa vipande.

Uingereza ilipiga kura Mei 6, 2010. Bunge lina viti 650, kwa hivyo anayetaka kutawala bila kumwomba mtu hutafuta 326. Chama cha Conservative cha David Cameron kilipata 306, Labour cha Waziri Mkuu Gordon Brown kikapata 258, na Liberal Democrats cha Nick Clegg kikabaki na 57. Ukijumlisha Labour na Clegg unafika 315, bado hujavuka mto. Ukijumlisha Cameron na Clegg, 363. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeipiga, na ndiyo maana mazungumzo hayakukawia. Brown hakuhama ofisi usiku wa matokeo. Alibaki akishikilia usukani kama sheria na desturi yao inavyotaka, timu za wajumbe wanne wanne zikiketi na makaratasi yao, na mnamo Mei 11 akajiuzulu. Waziri mkuu wao hachaguliwi na taifa zima. Hutokana na wingi wa viti bungeni, na viti huhesabika, hugawika, tena huweza kuongezwa kwa kumvuta jirani. Aliyeshindwa leo anabaki bungeni na viti vyake 258, anasubiri zamu.

Sasa tuje kwetu. Desemba 30, 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alitangaza kwamba Mwai Kibaki amepata kura 4,584,721 na Raila Odinga 4,352,993. Tofauti haikufika robo milioni. Lakini kwa katiba ya wakati ule, tofauti ya robo milioni na tofauti ya kura kumi zilizaa kitu kimoja: mmoja anachukua ikulu, baraza la mawaziri, majaji, wakuu wa wilaya na mashirika ya umma, mwingine anakwenda nyumbani kwake. Wasomaji wa Eldoret hawahitaji mimi niwaeleze kilichotokea Kiambaa Januari 1, 2008, kanisa lilipochomwa moto watu wakiwa ndani, wala jinsi uwanja wa maonyesho ya kilimo ulivyogeuka mji wa mahema. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima.

Jambo ambalo huwa hatulikumbuki ni kwamba bungeni hali ilikuwa tofauti kabisa. ODM ya Raila ilikuwa na viti 99, PNU ya Kibaki 43, na vyama vingine vidogo vikagawana vilivyosalia kati ya 210. Bunge lilipokutana Januari 15 kumchagua Spika, wabunge walibembelezana, wakaahidiana, wakapiga kura raundi tatu, mpaka Kenneth Marende wa ODM akamshinda Francis ole Kaparo kwa 105 dhidi ya 101. Yaani katika nchi ile ile, wiki zile zile, watu waliogawanyika vile vile waliweza kushindana kwa kujumlisha viti bila kumwaga damu ukumbini. Kiti cha Spika kilipatikana kwa hesabu iliyofanyika mbele ya macho ya wote. Urais ulipatikana kwa fomu za matokeo ambazo Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini, alipozichunguza baadaye mwaka huo, alisema zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Kazi ya wapatanishi Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel ilikuwa kutafuta kisu cha kukata kitu kisichokatika. Waliketi na wajumbe wa pande mbili, akina Martha Karua na Mutula Kilonzo upande wa Kibaki, akina Musalia Mudavadi, James Orengo na William Ruto, mbunge wa Eldoret Kaskazini wakati huo, upande wa Raila. Katikati ya Februari waliwahamishia Kilaguni, kule Tsavo, mbali na waandishi wa habari, na wakamleta afisa wa serikali ya Ujerumani, Gernot Erler, aeleze jinsi vyama vikuu viwili vya kwao, mahasimu wa miaka mingi, vilivyoandika mkataba na kutawala pamoja tangu 2005. Februari 28 mkataba ukatiwa saini mbele ya Harambee House, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akiwa shahidi. Bunge likaupitisha kuwa sheria Machi 18, na katiba ikarekebishwa ili cheo cha waziri mkuu kipate mahali pa kusimama.

Kwa nini ODM ilishikilia kwamba lazima kiwe ndani ya katiba? Kwa sababu ilikuwa imeshaumwa na nyoka. Mwaka 2002 wanasiasa wa muungano wa NARC waliandikiana mkataba wa maelewano: Kibaki awe rais, vyeo vigawanywe nusu kwa nusu, Raila apate uwaziri mkuu. Walishinda kwa kishindo, na karatasi ile ikawa karatasi tu. Kwa hivyo mwaka 2008 hakuna aliyetaka kusikia habari ya neno la muungwana. Hata hivyo, baada ya saini zote zile, ilichukua mpaka Aprili 13 kugawana wizara, na zikatoka 40. Mwananchi akaipa serikali hiyo jina linalofaa kuliko lile la sheria: nusu mkate.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, maana ndipo jibu la kijana wa bodaboda lilipo. Serikali za mseto zipo kila mahali, hata pale zisipoitwa hivyo. Hakuna jamii kubwa yenye makabila na tabaka nyingi inayotawaliwa na kundi moja lisilopatana na lingine. Kanuni ya kuhesabu kura huamua saa ya kupatana. Huamua kama mtaketi kabla ya kura, baada ya kura, au baada ya mazishi.

Mwaka 1992 kanuni ilikuwa anayeongoza anachukua, ilimradi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Daniel arap Moi alipata asilimia 36 hivi. Kenneth Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walipita asilimia 60, na wote watatu wakashindwa. Moi hakulazimika kuketi na mtu. Asilimia 36 ilimtosha, na wapinzani waliona umuhimu wa kupatana wakati masanduku yalishafungwa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha saa hiyo. Kamati ya wataalamu ilikuwa imependekeza mfumo wenye rais na waziri mkuu. Wabunge waliokutana Naivasha Januari mwaka huo wakaufuta, wakarudisha rais mmoja mwenye nguvu, lakini sasa kwa sharti jipya: azidi nusu ya kura zote, na apate robo katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopata mtu, kuna duru ya pili. Watu wengi walidhani tutaona duru hizo za pili kila miaka mitano. Hatujaona hata moja. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka nusu kwa kura 8,400 hivi tu; mwaka 2022 William Ruto alipata asilimia 50.49. Hiyo haikuwa bahati. Sharti la nusu limewafanya wanasiasa wapatane mapema, hotelini, kabla hujapata kadi yako ya kura mfukoni. Mkataba wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, uliowekwa kwa Msajili wa Vyama mwaka 2022 uliandika waziwazi kwamba vyama vya ANC na Ford-Kenya vitapata asilimia 30 ya serikali, navyo vilete angalau asilimia 70 ya kura za Magharibi. Ukiusoma unasikia harufu ya soko la mahindi: gunia ngapi, bei gani, lini.

Mimi sioni dhambi katika kuandika bei. Afadhali imeandikwa. Linaloniudhi ni kwamba mkulima mwenyewe wa mahindi hayo, yaani mpiga kura, hayupo wakati wa kupima.

Clegg naye alikuwa na bei, ila hakuomba wizara peke yake. Chama chake kilikuwa kimepata asilimia 23 ya kura na chini ya kumi kwa mia ya viti, dhuluma ya hesabu ambayo Waliberali wa Uingereza wamekuwa wakiilalamikia tangu babu zao. Kwa hivyo aliomba kanuni yenyewe ya kuhesabu ibadilishwe. Alitaka uwakilishi wa uwiano, viti vifuate kura. Alichopewa ni ahadi ya kura ya maamuzi juu ya kitu kidogo zaidi: mpiga kura apange wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu.

Niliwaeleza vijana kwa mfano wa steji yao. Tuseme wanachama ni 21 na wanachagua mwenyekiti. A anapata kura 9, B anapata 7, C anapata 5. Kwa kanuni yetu ya kuchagua wabunge, A ni mwenyekiti, ingawa 12 hawakumtaka. Kwa kanuni ya kupanga, C anatoka, na karatasi zake tano zinafunguliwa kuona wenyewe waliweka nani namba mbili. Wanne waliandika B, mmoja akaandika A. B anafika 11, A anabaki 10. B anashinda, tena kwa zaidi ya nusu, bila kurudi kupiga kura upya.

Kijana aliuona utamu wake haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. "Kwa hivyo A akitaka kushinda, hawezi kumtukana C." Ndiyo. Ukihitaji namba mbili ya jirani, utachunga ulimi unapozungumza juu ya jirani, na katika kaunti kama Uasin Gishu hilo si jambo dogo. Lakini sitaki kuwauzia dawa ya mitishamba. Fiji, yenye Wahindi na wenyeji wanaoshindana kama sisi tunavyojua, iliweka kanuni hiyo katika katiba ya 1997, ikaitumia 1999, na Mei 2000 watu wenye bunduki wakaingia bungeni na kumteka waziri mkuu.

Waingereza wenyewe waliikataa. Mei 5, 2011, katika kila wapiga kura 100 waliojitokeza, 68 hivi walisema la. Cameron, mshirika wa Clegg serikalini, alikuwa upande wa la. Mwaka 2015 chama cha Clegg kikarudi bungeni na viti 8. Hapo ndipo tofauti ya mseto wa sheria, kama wetu wa 2008, na mseto wa desturi, kama wao, inapoonekana: Clegg alipata siku yake ya kupigiwa kura, akashindwa, hakuna aliyechoma nyumba, lakini pia hakuna aliyemrudishia alichotoa.

Na Uingereza hiyo hiyo inayoogopa uwakilishi wa uwiano kwake iliwahi kuupeleka ng'ambo ulipoifaa. Jina la mtaa wetu linanipa kisingizio cha kusema. Mwaka 1961, British Guiana, koloni iliyohesabiwa pamoja na West Indies, chama cha Cheddi Jagan kilipata kura asilimia 43 kasoro kidogo na viti 20 kati ya 35. Chama cha Forbes Burnham kilipata asilimia 41, viti 11 tu. London, ikihofia ukomunisti wa Jagan, ikabadilisha kanuni. Mwaka 1964, kwa uwiano, Jagan akaongoza tena kwa asilimia karibu 46 lakini akapata viti 24 kati ya 53. Burnham na viti vyake 22 akaungana na chama cha tatu chenye 7, na serikali ikawa yake. Kura za Jagan zilikuwa zimeongezeka. Aliyeziangusha ni kikokotoo.

"Na kama pande mbili zingetoshana viti?" akauliza mwingine, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki akila mahindi ya kuchoma. Swali zuri, na West Indies ina jibu lake pia. Desemba 10, 2001, Trinidad na Tobago, yenye viti 36 bungeni, ilitoka 18 kwa 18. Rais Robinson akamteua Patrick Manning wa upinzani kuwa waziri mkuu, ingawa chama cha Basdeo Panday kilikuwa na kura nyingi zaidi. Panday akakataa kushirikiana, na Bunge likashindwa hata kumchagua Spika. Nchi ikarudi kwenye masanduku Oktoba 2002. Ramani ya maeneo bunge ilipochorwa upya kwa uchaguzi wa 2007, viti vikafanywa 41.

Yule wa mahindi akahesabu kwa vidole, akagundua 41 haigawiki kwa mbili, akacheka mpaka abiria akamwita.

Wiki ijayo, orodha za uteuzi kama nilivyoahidi.

(Itaendelea)