Je, Wajua? Lugha Hatujui, Twende Hivyohivyo!

Sogea hapa nikudokeze. Je, wajua kwamba mwaka 1858 kuna watu waliokatisha bara la Tanzania wakipiga soga kwa Kihindi? Wewe cheka tu! John Speke, Mwingereza, alikuwa ametumikia jeshi huko India. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi Gujarat miaka mingi. Kiingereza kikawekwa kando, Kiyao kikawekwa kando, Kihindi kikawafikisha Ziwa Victoria.

Na Vasco da Gama, baharia Mreno, je? Mwaka 1498 alitoka Malindi na rubani wa kumwongoza, akavuka bahari hadi Calicut, India, akamtuma mtu wake nchi kavu. Unadhani wenyeji walimpeleka kwa nani? Kwa watu wawili wa Tunis, tena wanaojua Kihispania!

Subiri, bado. Machi 1621, walowezi wa Kiingereza kule Plymouth, Marekani, walimwona mwenyeji mmoja, Samoset, akiingia kijijini peke yake. Akawasalimu kwa Kiingereza, alichokiokota kwa wavuvi. Kisha akaomba bia!

Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ana kali zaidi. Anasimulia kuwa wafanyabiashara wa Karthago walishusha bidhaa kwenye pwani ya Afrika, wakarudi merikebuni na kufukiza moshi. Wenyeji wakaja, wakaweka dhahabu, wakajitenga. Haitoshi? Wenye mali walikaa tu chomboni mpaka iongezwe. Hakuna neno, hakuna wizi. Hebu jaribu hivyo Kariakoo!

Hata ndege wana lugha za kwao. Mlembe humwongoza mtu kwenye asali: Wayao wa Msumbiji humwita kwa mlio wa mdomo, Wahadzabe wa Tanzania kwa mluzi. Watafiti walipowajaribu milembe wa Uhadzabe, waliuitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Kiyao. Mgeni, jifunze mluzi kwanza!

Angani nako? Julai 1975, Wamarekani na Wasovieti waliunganisha vyombo vyao. Wamarekani wakasema Kirusi, wenzao Kiingereza. Na mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo 2 vya Voyager, vikiwa na salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayevikuta. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo! Wa huko wakitaka kupiga hodi Afrika Mashariki, itabidi waanzie Kampala.