Sauti Moja Mbele ya Okestra: Muziki Unatufundisha Nini Kuhusu Kuishi Pamoja?

Sisi tunaofanya kazi ya kujenga amani tumezoea kuzungumza juu ya mikutano, mapatano na kamati za upatanisho. Katika makala hii tunaangalia njia nyingine ambayo watu hujifunza kuishi pamoja: okestra ya jamii, na mwimbaji anayesimama mbele yake. Swali letu ni hili: je, muziki wa namna hii unaweza kuwasaidia watu waliogawanyika, au ni burudani tu?

Okestra ya jamii ni nini?

Okestra ya simfoni ni kundi kubwa la wapiga vyombo, mara nyingi watu 50 hadi 100. Wako wa vyombo vya nyuzi kama fidla, wa filimbi, wa tarumbeta, na wa ngoma. Mtu mmoja husimama mbele na kuwaongoza kwa mikono. Okestra huitwa ya jamii pale ambapo wengi wa wanamuziki wake hawaishi kwa muziki. Mchana wanafanya kazi nyingine, na jioni wanakuja kwenye mazoezi.

Katika nchi yetu mfano mkubwa ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa. Ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Bwana Diangienda alikuwa rubani wa ndege aliyepoteza kazi, na hakuwa amesoma katika chuo cha muziki. Mwanzoni fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji, kwa hiyo walizitumia kwa zamu. Uzi ukikatika, walitafuta hata waya wa breki ya baiskeli kuweka mahali pake. Wanamuziki walikuwa wachuuzi wa sokoni, mafundi umeme, vinyozi na wanafunzi. Filamu iliyotolewa mwaka 2010, *Kinshasa Symphony*, inaonyesha umeme ukikatika katikati ya muziki, nao wakiendelea kupiga gizani. Mwaka 2014 okestra hiyo ilisafiri hadi Uingereza na kupiga mbele ya watu huko.

Mwimbaji wa jukwaani anapokuja

Katika nchi nyingi, hasa Marekani na Uingereza, okestra za jamii zina desturi ya kumwalika mwimbaji wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Huyu si sawa na mwimbaji wa opera. Mwimbaji wa opera amefundishwa kuifikisha sauti yake mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. Mwimbaji wa michezo ya kuigiza kwa kawaida hutumia kipaza sauti, na kazi yake ya kwanza ni kusimulia hadithi. Maneno yasiposikika vizuri, wimbo umepotea.

Kwenye mchezo wake wa kawaida, wapiga vyombo ni wachache na mara nyingi wamefichwa shimoni chini ya jukwaa. Yeye anatembea, anaongea, anavaa mavazi ya mhusika. Kwenye tamasha la okestra mambo yanageuka. Sasa nyuma yake kuna watu 60 au zaidi, na hawaoni kwa macho. Hana mavazi ya kuigiza wala mapambo ya jukwaa. Wapigaji ni watu wa kujitolea, nao hawawezi kumfuata haraka akibadilisha mwendo kwa ghafla.

Ndiyo maana kabla ya siku yenyewe wanapaswa kupatana juu ya mambo matatu. La kwanza ni kimo cha wimbo: ukiwa juu mno, mwimbaji ataumia, ukiwa chini mno, sauti yake itamezwa. La pili ni mwendo. La tatu ni pumzi: mwimbaji avute pumzi wapi, na kiongozi wa okestra amngoje wapi.

Kuna kazi kwa upande wa okestra pia. Tarumbeta tatu zinatosha kuifunika sauti ya mtu mmoja. Ukiongeza nguvu ya kipaza sauti hujamaliza tatizo, maana wapigaji nao wataongeza nguvu, na mwisho kila mtu anapiga kelele. Dawa ni moja tu: wengi wapunguze sauti ili mmoja asikike. Na yule mmoja naye asijifanye yuko peke yake. Fidla zikipewa nafasi, yeye hunyamaza na kusikiliza pamoja na watu wote.

Nyimbo zenyewe zina ujumbe

Mchezo unaojulikana sana katika matamasha ya namna hii ni *West Side Story*, ulioonyeshwa New York mwaka 1957 kwa muziki wa Leonard Bernstein. Unasimulia habari za makundi mawili ya vijana wanaogombea mtaa mmoja, na kijana wa upande huu anayempenda msichana wa upande ule. Chuki inaua vijana wa pande zote mbili. Msomaji wa Ituri au Kivu hahitaji maelezo mengi ili aelewe hadithi hiyo.

Kinshasa nako wamepiga na kuimba Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyosikika kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824. Katika sehemu tatu za kwanza waimbaji hukaa kimya. Mwanzoni mwa sehemu ya nne okestra inalipuka kwa sauti za kugombana, ndipo mwanamume mmoja anasimama na kuwaomba wenzake waziache sauti hizo na kuimba nyingine zenye furaha. Kisha kwaya nzima inamjibu. Sauti moja imekatiza ugomvi, lakini haikubaki peke yake, wengine waliipokea.

Mafunzo kwa wajenzi wa amani

Tunaona mafunzo manne katika kazi hii.

1. Kabla ya kuanza, wote husikiliza noti moja, ile ya la, na kila mmoja hurekebisha chombo chake kulingana nayo. Hakuna anayedai kwamba chombo chake ndicho kipimo cha wengine.

2. Kunyamaza ni sehemu ya kazi. Mpiga tarumbeta anaweza kungoja dakika nyingi akihesabu moyoni. Akiacha kuhesabu, ataingia mahali pabaya na kuwavuruga wote.

3. Anayepotea hafukuzwi. Anaacha kidogo, anawasikiliza wenzake, kisha anaingia tena.

4. Mazoezi ndiyo yanayojenga. Tamasha ni la usiku mmoja, lakini kabla yake kuna wiki nyingi za kukaa kiti kwa kiti na mtu usiyemchagua.

Tusijidanganye

Muziki peke yake hauleti amani. Hauondoi silaha, haurudishi mashamba yaliyonyang'anywa, haulipi fidia. Tena mwimbaji anaweza kubomoa. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu mwimbaji maarufu Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Kosa lake lilikuwa kuchochea mauaji ya Watutsi mwaka 1994, akitumia kipaza sauti njiani. Watu waliijua sauti yake na kuipenda, na kwa sababu hiyo hatari yake ilikuwa kubwa zaidi.

Basi swali si kama tuimbe au tusiimbe. Swali ni nani ameketi pamoja nasi tunapoimba, na sauti yetu inaita watu kufanya nini.

Tunaweza kuanzaje?

Si lazima kuwa na fidla. Kwaya, magitaa na ngoma zinatosha. Tunashauri kikundi kiwe na watu wa pande zote tangu siku ya kwanza, wala si upande mmoja kuwaalika wengine baadaye. Siku na mahali pa mazoezi pawe ambapo kila mtu anafika bila hofu. Nafasi ya kuimba mbele izunguke, leo huyu, kesho yule. Nyimbo zichaguliwe pamoja, na maneno yake yachunguzwe, yasiwe na kijembe kwa kabila lolote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Katika jamii yetu, ni sauti ya nani inayofunika za wengine?

– Ni nani amengoja muda mrefu bila kupewa nafasi ya kusema?

– Sisi wenyewe tunaweza kupunguza sauti wapi, ili mwingine asikike?