Kwa nini kipindupindu hukaa kando ya ziwa



Kila mara kipindupindu kinapoingia Rumonge, maneno huwa ni yale yale. Mkubwa mmoja anasimama mbele ya watu na kusema kwamba wananchi ni wachafu, hawanawi mikono, hawachimbi vyoo, basi wajirekebishe. Watu wanainamisha vichwa, wanarudi nyumbani, na baada ya muda ugonjwa unarudi. Lakini ndugu zetu wa milimani nao wana vyoo vibovu, nao wana watoto wasionawa mikono, na bado ugonjwa huu hauwapigi kama unavyotupiga sisi wa bondeni. Ikiwa uchafu wa mtu peke yake ndio sababu, mbona ugonjwa unachagua mwambao?

Swali hili liliulizwa na watafiti zaidi ya miaka 30 iliyopita, na walikuja kuliulizia hapa hapa Rumonge. Majibu yao yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1997 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Sidhani kama gazeti hilo limewahi kufika kwenye kinu chochote cha mawese. Kwa hiyo yafaa tuelezane hapa, kwa lugha yetu, walitafuta nini, walikipataje, na sisi tunaokaa Gatete na sehemu nyingine za mwambao tukifanyie nini.

MWAKA 1978 NA MWAKA 1992

Kipindupindu tunachokijua leo kilianzia Indonesia mwaka 1961. Kiliingia Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 kikafika katika nchi zetu za maziwa. Baada ya hapo Burundi ilikaa miaka 14 bila mlipuko mkubwa. Kisha, kati ya Januari na Mei 1992, kikarudi kwa nguvu.

Madaktari walipoangalia mahali wagonjwa walikotoka, waliona jambo la ajabu. Jamii zilizopatwa zilikuwa zile za karibu na Ziwa Tanganyika au karibu na mto Rusizi, ule unaoteremsha maji kutoka Ziwa Kivu. Mwaka 1978 mambo yalikuwa vivyo hivyo. Na ndani ya mji wa Rumonge wenyewe, mitaa iliyo jirani na ziwa ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi.

Kutazama ramani ni kazi ya zamani. Mwaka 1854 huko London daktari mmoja, John Snow, aliandika mahali walipofia watu wa kipindupindu, akaona vifo vimezunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street. Wakati ule wakubwa wengi walisema ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Yeye alisema ni maji, na alikuwa na haki.

Lakini ramani peke yake haitoshi. Watu wa kando ya ziwa wana mambo mengi pamoja: wanavua, wanakula ndagala, wanapanda mitumbwi, wanauza sokoni, wanapokea wageni kutoka ng'ambo. Lipi kati ya hayo linaleta ugonjwa?

Tuseme umekwenda hospitali ukamwuliza mgonjwa: ndugu, ulikula nini? Akajibu: nilikula ndagala. Ukamwuliza wa pili, naye akasema ndagala. Wa tatu, ndagala. Mtu mwenye haraka atasema ndagala ndiyo yenye sumu, marufuku kuuza ndagala! Na mama anayeishi kwa kuuza ndagala atakosa chakula cha watoto kwa ajili ya kosa la hesabu. Maana ukiwauliza wasiougua, nao pia walikula ndagala. Kila mtu hapa anakula ndagala.

Fundi wa mashine anaijua njia iliyo sawa. Mashine tatu zikiharibika katika kinu, fundi hatazami hizo tatu tu. Anakwenda kutazama na zile zinazofanya kazi, aone zimetofautiana kwa kitu gani: mafuta, mkanda, au mtu anayezisimamia. Watafiti wa Rumonge walifanya hivyo. Walichukua wagonjwa 56 waliolazwa kwa kipindupindu, na watu 112 ambao hawakuugua, wakawauliza wote maswali yale yale. Kilichokuwa sawa kwa makundi yote mawili walikiweka kando. Walichotafuta ni kile ambacho wagonjwa walikifanya zaidi kuliko wazima.

Yalibaki mambo mawili: kunywa maji ya ziwa, na kuoga ziwani. Tena walipochukua maji ya ziwa wakayapima, walikuta ndani yake kijidudu chenyewe cha kipindupindu.

KUNYWA NA KUOGA

Hapa naomba msomaji aende polepole, kwa sababu hapa ndipo penye faida kubwa.

Kwa mtu mmoja mmoja, kunywa maji ya ziwa kulikuwa na hatari kubwa kuliko kuoga. Jambo hilo halimshangazi mtu. Lakini watafiti walipohesabu ni sehemu gani ya wagonjwa wote inatokana na kila jambo, kuoga ndiko kulikobeba mzigo mkubwa zaidi: zaidi ya theluthi moja ya ugonjwa, na kunywa sehemu ndogo kuliko hiyo. Inakuwaje jambo lenye hatari ndogo lilete wagonjwa wengi?

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, nao ni mfano tu. Fikiri kinu cha mawese. Watu 10 kati ya wafanyakazi wake wanakunywa maji ya ziwa, na kati yao wanaugua 3. Wengine 100 hawayanywi, lakini jioni wanaoga ziwani, na kati ya kila 10 anaugua 1. Hatari ya mnywaji ni kubwa mara tatu. Lakini hesabu vitanda: wanywaji wamejaza vitanda 3, waogaji wamejaza vitanda 10. Ukisimama kwenye mlango wa kinu na kupiga kelele "msinywe maji ya ziwa" peke yake, umesema kweli, na bado wale 10 watalazwa.

Tena ni nani anayeoga ziwani? Mfanyakazi aliyeshinda akikamua mawese, mwenye mafuta na moshi mwili mzima, hawezi kupanda kitanda hivyo. Mkata ngazi aliyetoka shambani na jasho, mvuvi aliyekesha, mama aliyefua nguo za familia nzima, wote wanaingia ziwani kwa sababu wanataka kuwa safi. Anaosha uso, anasukutua mdomo, mtoto anameza maji akicheza, basi kijidudu kimeingia tumboni. Hao ndio wanaoambiwa kwamba ni wachafu.

Na maji ya Tanganyika yanadanganya kwa uzuri wake. Ukisimama kwenye mtumbwi unaona mawe ya chini. Lakini kijidudu hakionekani kwa jicho. Kinaingia ziwani kutoka choo kilichofurika, kutoka nguo za mgonjwa zinazofuliwa, na pia kutoka kwa mtu ambaye hana habari, kwa maana wengi wanaoambukizwa hawaumwi, au wanaharisha kidogo tu, nao wanakitoa kwenye kinyesi kwa siku kadhaa. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia ndani ya nyumba za watu wa mwambao, lilifika vyooni vilevile. Kila mtu aelewe maji hayo yalirudi wapi.

Wengine wamelipa sana kwa kukosa maji mengine isipokuwa ya ziwa. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia walirundikana katika kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, kati ya mlima na ziwa, wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Katika wiki chache waliugua maelfu, na watu kama 30 wakafa.

ROBINE ISIYOTOA MAJI

Mtu atasema: sisi tuna robine, serikali ilileta, basi mambo yamekwisha. Tuvuke ziwa kwa mawazo tufike Uvira, katika Kongo. Huko watafiti walifuata jambo moja tangu mwaka 2009 mpaka 2014: kila siku waliandika kama mtambo wa maji ya mji umetoa maji au haukutoa, na wagonjwa wangapi wameingia katika kituo cha kipindupindu. Waligundua kwamba siku moja ya kukosa maji kabisa kwenye robine ilifuatwa, katika siku 12 za mbele yake, na wagonjwa waliozidi mara mbili na nusu kuliko wakati maji yanapotoka vizuri. Na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihesabiwa kwamba walitokana na maji kukatikakatika. Habari hizo zilitolewa mwaka 2015.

Sababu yake mwenye nyumba anaijua bila kusoma. Robine ikikauka, mtoto anapewa bidoni, anaambiwa nenda ziwani. Kwa hiyo ukiambiwa kazini kwamba kuna robine tatu, uliza mara moja: zinatoa maji siku ngapi katika mwezi? Na umeme ukikatika pampu ikasimama, kuna tangi la akiba?

Hapo ndipo mambo ya chama chetu yanapoingia. Kumwambia mfanyakazi anywe maji yaliyochemshwa ni vizuri, nasi tunasema hivyo. Lakini kuni ni franga, na hakuna mtu anayechemsha maji ya kuoga watu wanane. Bafu kwenye kinu, lenye maji salama na sabuni, ambamo mfanyakazi anaoga kabla ya kwenda nyumbani, lingepunguza wagonjwa wengi kuliko mabango. Ni dai la kazi kama mshahara ulivyo dai. Mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ambalo Burundi ni mwanachama wake, uliweka usalama na afya ya kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Mwajiri anayesema maji ni mambo ya nyumbani kwako aonyeshwe neno hilo.

Dai la pili ni siku za ugonjwa. Kibarua anayelipwa kwa siku akianza kuharisha asubuhi, anaficha, anakwenda shambani, kwa sababu akikaa nyumbani hapati kitu. Anatumia kichaka. Mvua ikinyesha, kichaka kinateremka ziwani. Mwenye kutaka kuokoa posho ya siku tatu ya mtu mmoja atakuja kukosa watu 20 kwa wiki mbili.

Chanjo ya kumeza ipo nayo inasaidia kwa muda. Ikiletwa, pokeeni. Haiondoi haja ya maji.

MTU AKISHIKWA

Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili. Mtu anaharisha maji kama ya kuosha mchele, anatapika, na akiachwa anaweza kufa katika saa chache. Akipata maji ya kutosha mapema, karibu wote wanapona. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, serumu za mishipa zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Dawa hiyo inatengenezwa nyumbani kama hakuna pakiti ya dispensari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo bila kuacha, hata akitapika, na wakati huo huo apelekwe kwenye kituo cha afya. Usimngojee mpaka kesho, wala usimtafutie kwanza mganga. Mtoto anyonye kama kawaida. Nguo na matandiko yake yasifuliwe ziwani wala mtoni; yalowekwe kwenye maji ya javeli au yachemshwe, na maji hayo yamwagwe chooni.

KAZI YA WAJUMBE

Tumeona kwamba watafiti walianza kwa kuuliza na kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji diploma. Kila mjumbe wa kinu, shamba au kiwanda achukue karatasi na kuandika kwa mwezi mmoja: wafanyakazi wako ni wangapi, robine ni ngapi na siku zipi hazikutoa maji, vyoo ni vingapi na viko hatua ngapi kutoka ziwani au mtoni, wangapi wanaoga ziwani baada ya kazi, na kwa nini, wangapi walikosa kazi kwa kuharisha, na kama walilipwa. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Waulizeni wazima pamoja na walioumwa, kwa sababu tuliyoieleza hapo juu. Karatasi hiyo apewe katibu wa tawi kabla kamati haijakaa na mwajiri.