Kigari Kinachopanda Mlima Kinyumenyume

Masika ya mwaka juzi nilipanda Vitz ya abiria kutoka Lushoto kwenda kijiji cha ndani, kwenye zile njia za Usambara ambazo lami ikishakatika ni udongo mwekundu mpaka mwisho wa safari. Tulikuwa watano pamoja na dereva, na kwenye buti kulikuwa na mfuko wa saruji na ndoo mbili za rangi. Mvua ilikuwa imeacha kama nusu saa hivi. Kwenye mwinuko wa tatu matairi ya mbele yakaanza kuzunguka bure, gari likasimama, kisha likaanza kuserereka kurudi tulikotoka.

"Shukeni wazee wangu, nijaribu likiwa jepesi," dereva akasema. Tukashuka. Alijaribu, akafika nusu, akakwama tena. Basi akaliteremsha hadi penye tambarare, akaligeuza, akaingiza rivasi, na huku shingo kaipinda dirishani akaupanda mlima ule ule kinyumenyume mpaka juu. Gari lile lile, matairi yale yale, tope lile lile. Sisi tukafuata kwa miguu, viatu mikononi.

Nimelifikiria sana tukio lile, kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali wanaloulizana watu wengi wanaoagiza gari dogo kutoka Japani: nichukue la kawaida, linalovutwa na matairi ya mbele, au niongeze hela nichukue fowili, linalovutwa na matairi yote manne? Wengi huamua kwa kufikiria mvua na utelezi. Mimi naona cha kufikiria kwanza ni mlima, na mzigo utakaoupandisha.

Tuanze na kwa nini gari dogo huvutwa na matairi ya mbele. Mwaka 1959 kampuni ya BMC ya Uingereza ilitoa Mini, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Gari lote lilikuwa na urefu wa mita tatu na kidogo tu, na watu wazima wanne walienea ndani. Issigonis aliilaza injini kwa upana wa gari badala ya urefu, akaficha giaboksi chini yake, na nguvu yote akaimalizia kwenye matairi yaliyo jirani. Miaka mitano baadaye, kwenye Autobianchi Primula ya Italia, Dante Giacosa aliihamisha giaboksi akaiweka ubavuni mwa injini. Huo ndio mpangilio utakaouona ukifunua boneti ya Vitz, Passo, March, Swift au Fit. Hakuna propela inayopita chini ya miguu ya abiria, hakuna difu nyuma, sakafu inakuwa tambarare na gari linakuwa jepesi na rahisi kutengeneza.

Kulikuwa na kizuizi kimoja: tairi la mbele lazima lizunguke kwa nguvu ya injini na wakati huo huo lipinde kufuata usukani. Hilo liliwezekana kwa jointi ya aina aliyoibuni Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920, yenye gololi ndani ya kikombe. Ndiyo jointi ya CV, ile inayogonga ka-ka-ka ukikata kona siku ambayo mpira wake umechanika na mchanga umeingia.

Mpangilio huu una faida nyingine. Injini na giaboksi zimekalia matairi yale yale yanayovuta. Gari likiwa tupu, karibu asilimia 60 ya uzito wake iko mbele. Kwenye barabara tambarare yenye matope, kigari cha namna hii hupita mahali ambapo pikapu tupu inayosukumwa na matairi ya nyuma huchimba shimo na kulala hapo.

Sasa kipe mlima. Gari likielekea juu, uzito wake huegemea nyuma, kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni anavyovutwa na mzigo wake akipanda ngazi. Tuchukue kigari cha kilo 1,000 chenye kilo 600 mbele, kwenye mwinuko unaopanda mita 20 kwa kila mita 100. Kikitazama juu, matairi ya mbele yanabaki na kilo 540 hivi. Kikigeuzwa kipande kinyumenyume, matairi hayo hayo sasa yako upande wa bondeni, nayo yanabeba kama kilo 630. Tofauti ya kilo 90 ndiyo iliyokuwa kati ya dereva wetu na kilele.

Tukipakie abiria wanne na mizigo, uzito ufike kilo 1,350. Abiria wa nyuma na buti huelemea ekseli ya nyuma, kwa hiyo hata kwenye tambarare mbele kunabaki nusu tu. Kwenye mwinuko ule ule, matairi ya mbele yanakandamizwa na kilo 600 hivi, huku mlima ukilivuta gari zima kurudi chini kwa nguvu ya kama kilo 265. Udongo wa mfinyanzi ulioloa, tukiukadiria kwa ukarimu, utashika kwa thuluthi moja au pungufu ya uzito unaoukandamiza. Tukisema sehemu tatu za kumi, matairi ya mbele yanapata mshiko wa kilo 180. Zinahitajika 265. Hapo hata ungekuwa na injini ya lori hupandi. Lakini matairi yote manne yakivuta, karibu uzito wote wa gari unafanya kazi, na mshiko unakaribia kilo 400. Unapanda, na akiba inabaki.

Ndiyo maana wazee wa barabara mbovu huwaomba vijana wawili watoke kiti cha nyuma wakakalie boneti. Ni hatari na simshauri mtu, ila kwa hesabu wako sahihi: wanarudisha uzito mahali injini inapouhitaji.

Vigari vya fowili vilizaliwa kwa ajili ya theluji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa ikitumia jipu kukagua nyaya zake milimani wakati wa baridi, na wafanyakazi wake walikuwa wakiganda humo ndani. Iliomba gari la kawaida, lenye joto na viti vya starehe, ila lipite kwenye theluji. Subaru ikaunganisha propela na difu ya nyuma kwenye gari lake la kuvutwa na matairi ya mbele, na mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaingia sokoni. Tangu hapo watengenezaji wa Japani wamezoea kuyatoa magari yao madogo kwa namna mbili, kwa sababu mwalimu au muuguzi wa Hokkaido lazima atoke nyumbani asubuhi hata barafu iwe imefunika mlango. Sisi tunayapokea yakiwa yamekwisha kutumika, na barafu yetu ni tope la masika.

Ila neno fowili lisikudanganye. Ya kigari si ya Land Cruiser. Haina seti ya pili ya gia za kupunguza mwendo, wala kitasa cha kufunga difu. Kwa kawaida matairi ya mbele ndiyo yanayovuta, na ya nyuma yanaburutwa tu. Katikati, kwenye aina nyingi, kuna kiungo chenye visahani vilivyopangana ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma vikizunguka kwa mwendo mmoja, visahani havigombani. Mbele ikiteleza na kuzunguka haraka zaidi, mafuta yale yanakokotana na visahani, na nguvu inapelekwa nyuma. Kwa maneno mengine, kigari hiki huomba msaada baada ya kuteleza kidogo. Na tairi moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia hewani kwa pamoja kwenye mtaro, nguvu yote inakimbilia kwenye hayo mawili yasiyo na kazi, nawe utatafuta watu wa kukusukuma kama mwenye gari la kawaida.

Nissan walikuja na njia nyingine mwaka 2002 kwenye March. Hakuna propela kabisa. Injini inazungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme kwenye mota ndogo iliyofungwa nyuma, nayo inasukuma matairi ya nyuma wakati wa kuondoka. Mwendo ukipita kilomita 30 hivi kwa saa, mota inajitenga. Mazda waliutumia mfumo wa namna hiyo kwenye Demio. Kwa mtu anayekwama getini kwake unatosha. Kwa mtu mwenye kilomita kumi za matope makali, nisingeutegemea.

Kuna jambo ambalo fowili haifanyi, nami nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona magari yaliyotoka barabarani kwa kutolijua: haikusaidii kusimama. Gari lolote hufunga breki kwa matairi yake yote manne, liwe linavutwa na mawili au manne. Kwenye kona yenye utelezi, kinachokuzuia usitupwe nje ni mpira wa tairi unaogusa ardhi, kipande kama kiganja kwa kila gurudumu. Tena gari la kawaida hukupa onyo mapema: ukikanyaga mafuta na matairi yakazunguka bure, umejua hali ya barabara. Fowili huondoka kwa utulivu kana kwamba pamekauka, na dereva anakuja kuujua ukweli akiwa kwenye mteremko, mguu ukiwa juu ya breki.

Kwa hiyo kabla ya fowili kuna tairi. Tairi lenye kashata za kina na zilizoachana vizuri hujisafisha matope likizunguka. Kipara hujipaka udongo na kugeuka kama sabuni. Kigari cha kawaida chenye tairi nzuri kitakipita cha fowili chenye vipara, na kwenye kusimama kitakiacha mbali. Na kabla hata ya tairi kuna kimo. Tumbo la gari likishakalia tuta la katikati ya njia, idadi ya matairi yanayozunguka haina maana tena.

Mashabiki wa Safari Rally watakumbuka ushahidi wa wazi zaidi kwamba fowili peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1984, 1985 na 1986, Audi, na baadaye Peugeot, walileta Kenya magari ya magurudumu manne yaliyokuwa yakitawala Ulaya. Mara zote tatu ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, gari la kusukumwa na matairi ya nyuma, kwa Björn Waldegård mara mbili na Juha Kankkunen mara moja. Kwenye mawe na vumbi la siku nyingi, lililohimili kipigo ndilo lililofika. Fowili ilishinda mwaka 1987, Audi ya Hannu Mikkola. Lakini kwa msomaji wa makala hii lililo jirani zaidi ni Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, cha magurudumu manne, kilicholetwa kwenye mashindano ya mwaka 1993. Mkenya Patrick Njiru alikifikisha mwisho, akiwa wa 12 kati ya wote. Gari dogo kuliko Passo!

Gharama yake sasa. Fowili huongeza kati ya kilo 70 na 100 kwenye magari mengi ya aina hii, na uzito huo unaubeba kila siku, hata Jumapili kwenye lami. Mafuta yataongezeka kidogo. Difu na giaboksi ndogo inayogawa nguvu zina oili zake, na mafundi wengi huzisahau mpaka zilie. Ila kinachoua fowili mapema ni tabia yetu ya kubadilisha tairi mbili mbili, mpya mbele na za mtumba nyuma. Kwa tairi za 175/65R14, kashata zikitofautiana milimita tano tu, zilizokwisha huzunguka zaidi ya mara 900 za ziada kila kilomita 100. Kile kiungo cha silikoni hakijui habari za mtumba. Kinaona tofauti ya mwendo, kinadhani gari limeteleza, kinachemka safari nzima. Anayechukua fowili ajue amejifunga kununua tairi nne kwa mpigo. Na likiharibika njiani, lisiburutwe kwa kuning'iniza matairi mawili. Libebwe lote.

Uamuzi wangu mimi ni huu. Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, achukue la kawaida na fedha iliyobaki aiweke kwenye tairi nne bora na kipoza sauti kilichopandishwa kisigonge mawe. Anayelala juu ya mlima wa udongo, Mlalo, Uluguru, Murang'a au Bukavu, na kila jioni lazima apande na watoto na magunia, aongeze hela. Kwake hesabu ya kilo 180 na 265 inarudi kila mvua inaponyesha.

Ukishaamua fowili, hakikisha ndiyo unayouziwa. Kwenye Toyota nyingi ndogo, tazama herufi na tarakimu za mwanzo kwenye kibati cha chasisi. Zikiishia na tano, mara nyingi ni ya magurudumu manne: Vitz NCP95 wakati ya kawaida ni SCP90, IST NCP65 wakati ya kawaida ni NCP60 au NCP61, Passo KGC15, Probox NCP55. Kisha piga goti nyuma ya gari na tochi ya simu. Uone difu katikati ya matairi ya nyuma na propela inayoifuata, na uipapase kwa mkono kuona kama oili inavuja. Ukiwa bado chini, angalia bodi yenyewe. Magari haya mengi yameishi kwenye baridi, na huko barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, chumvi ambayo hula chuma kuanzia chini, mahali rangi ya kupendezesha haifiki. Kwaruza kingo za fremu kwa ukucha. Kutu ikibanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, inuka, futa magoti, nenda kwenye gari linalofuata.